Saa za Bwawa

Vibao vyote viwili niliviandika mimi.

Hoteli ya Bwiru walinilipa elfu themanini
na soda, na stuli ya kukalia,
meneja nyuma yangu akihesabu herufi:
BWAWA LA WATOTO NA MTELEZO
IDI MOSI NA IDI PILI, MWEZI UKIANDAMA
SAA 3 ASUBUHI HADI SAA 4 USIKU
MTOTO 15,000. CHAKULA CHA NJE MARUFUKU.
Akataka pembeni samaki anayecheka.
Sato hacheki,
lakini nilimchekesha.

Cha pili ni cha Jiji, kule Mabatini,
kwenye bwawa la kina cha magoti
lenye chemchemi tatu za kuruka,
moja imenyamaza tangu siku ya uzinduzi.
Karatasi yao ilikuja na muhuri:
JUMATATU HADI IJUMAA
SAA 2 HADI SAA 9:30
JUMAMOSI, JUMAPILI NA SIKUKUU LIMEFUNGWA
KIINGILIO BURE.
Nikamuuliza karani, Bi Nyanjige:
saa hizo watoto si wako shule?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
ziwa lina mlango upande gani.
"Bwawa ni la ofisi," akasema,
"na ofisi hufungwa sikukuu. Malipo yako, pita mwezi ujao."
Nikapaka. Mkono wa fundi hauna maoni.
Ila brashi ilipofika kwenye BURE
ilidondosha tone la bluu,
sikulifuta.

Mwezi ukaandama.
Nikawachukua watoto wa dada yangu, watatu,
viatu vipya vinawabana, mifukoni visheti.
Bwiru, getini, nikapiga hesabu:
elfu arobaini na tano,
na hapo hakuna aliyekunywa hata maji.
Kabula akasoma kibao, kidole hewani,
silabi kwa silabi, mpaka kwenye samaki.
"Mjomba, umeandika wewe?"
Mimi.
"Basi andika na sisi tuingie."

Tukashuka Mabatini kwa miguu.
Wengine walishatangulia, wameng'ang'ania uzio,
magauni ya kumetameta, kanzu ndogo, bastola za maji
zisizo na maji.
Kijana mmoja akasema, twendeni ziwani.

Ziwa halina kibao.
Liko wazi usiku na mchana, Idi na Krismasi,
halidai hela, halikagui mkoba.
Kwenye mawe kuna konokono wa kichocho,
na kwenye kina kuna lisilosemwa mbele ya watoto.
Mwaka juzi, Mkuyuni, lilimchukua mtoto wa kinyozi
tarehe ishirini na tano Desemba, saa nane mchana,
saa ambayo bwawa la bure
lilikuwa linaheshimu sikukuu.

Nikasema: hakuna wa kwenda ziwani.
Wakanitazama. Sikuwa na kingine cha kusema.

Ndipo akaja Ramadhani Mhoja, mlinzi wa pampu,
ndani ya kanzu, ananukia pilau,
ufunguo umefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Nimekuja kukagua pampu," akatangaza,
ingawa hakuna aliyemuuliza.
"Pampu haikaguliki bila maji.
Na maji," akafungua geti,
"hayakaguliki bila watoto."

Chemchemi ya kwanza ikaruka. Ya pili ikaruka.
Ile ya tatu ikakohoa, ikakohoa,
ikatema kutu, na ndala ya mtoto, ya kushoto,
kisha ikanyamaza tena.
Walishangilia ndala kuliko maji.

Ukaguzi ulichukua saa tatu na robo.

Jioni Kabula, gauni limemganda,
maji yanamchuruzika puani,
akasimama chini ya kibao akasoma: li-me-fu-ngwa.
Akageuka akatazama kelele zote zile.
"Mjomba, hapa umekosea."

Nikaangalia. Herufi zilikuwa zimenyooka.
Rangi nyeupe ninayo nyumbani, nusu kopo.
Na Jiji hawajanilipa mpaka leo,
kwa hiyo kibao bado ni changu.